Jinsi Tulivyomtafuta Mama Yake Bibi Parokiani

Yote yalianzishwa na mzungu mmoja mzee aliyekuja shuleni kwetu kutueleza alivyowapata mababu zake. Alikuwa Mmarekani, lakini alisema yeye hasa ni mtu wa Ayalandi, kwa sababu babu wa babu yake alitoka huko kwa meli, njaa ikimfukuza. Mzee huyu alihangaika miaka mingi akiandikia parokia za Kikatoliki za huko, akiwaomba wamfungulie vitabu vya ubatizo, mpaka siku moja akampata: mtoto mchanga, jina lake, jina la baba, jina la mama, na mwishoni jina la mama wa ubatizo. Alituonyesha picha ya ukurasa wenyewe kwenye simu. Mwandiko ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Halafu mzee akatoa kitambaa, akalia mbele ya darasa zima.

Nikanyoosha mkono. "Samahani. Huyo babu anajua kwamba mnamtafuta? Labda aliwakimbia kwa makusudi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akanionyesha mlango kwa kidole, bila neno, maana mimi na ule mlango tunajuana. Lakini mzungu mwenyewe alicheka kuliko wote, hilo naomba lijulikane.

Jioni nikamwigizia Bibi kisa kizima. Nilichukua mtandio wake nikaufanya ndevu, nikalia kwa pua kama mzungu. Bibi yangu, mama yake mama, huwa ndiye wa kwanza kucheka. Anacheka hata kabla mzaha haujafika. Siku hiyo alikuwa anachambua sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwenye sinia, na mikono ikasimama.

"Hivyo vitabu," akasema, "hata huku viko?"

Inabidi nieleze hapa. Sisi ni watu wa mtaa wa Waislamu mjini Gisenyi, Rwanda, na nyumbani tunasema Kiswahili chetu, kile kilichochanganyikana na cha Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ambacho mwalimu wangu wa Kiswahili anakiita ugonjwa. Baba yake Bibi aliuza nguo na chumvi. Mama yake alitoka huko juu milimani, msichana Mkatoliki aliyeshuka mjini, akaolewa na yule mfanyabiashara, akapewa jina la Kiislamu, na kuanzia siku hiyo hakusema tena habari za kwao. Hakumpeleka Bibi huko hata siku moja. Bibi alipoolewa, kiti cha mjomba kilikaliwa na fundi cherehani jirani, ambaye aliigiza vizuri mpaka akadai mbuzi wa mjomba, na akapewa.

"Walimufukuza," ndivyo Bibi alivyoamini maisha yake yote. "Juu ya kuacha dini. Walimufukuza, akanyamaza."

Sasa alitaka kujua kitu kimoja. Kule juu ana watu, au hana? Na kama wapo, wakimwona mlangoni na mtandio wake, watamfungulia au watafunga?

Tulikuwa na pa kuanzia padogo. Mama yake Bibi alikuwa na tabia moja ya ajabu: akikosea kitu, akiunguza maharage au akimwaga maziwa, alijigombeza kwa lile jina lake la zamani la ubatizo, refu kama treni, na kulifungia jina la baba yake nyuma: we fulani binti wa fulani, akili zako ziko wapi? Bibi alipokuwa mdogo alidhani ni jina la jini linaloharibu chakula. Alilijua kwa moyo.

Basi Jumamosi moja tukapanda moto mbili, yaani pikipiki za abiria, kwenda juu, njia ya Nyundo. Parokia yenyewe, ambako zamani watu wa milima ile yote walibatizwa, siitaji, maana katibu wake bado anahitaji kazi. Bibi alikataa kuvua mtandio na dereva alikataa kumbeba bila kasike, ile kofia ngumu ya pikipiki, wakapatana kasike ikae juu ya mtandio, na kichwa cha Bibi kikawa kama sufuria iliyofunikwa vizuri. Nilitaka kumpiga picha. Akaniambia nikimpiga picha atanirudisha kwa miguu.

Mlangoni pa ofisi akasimama. "Ingia we. Mi nitangoja hapa."

"Bibi, nikiingia peke yangu watasema nimekuja kuiba divai."

Akaingia.

Katibu alikuwa mama mnene, mmoja wa waliorudi kutoka Kongo, miwani ikining'inia shingoni. Alitazama kitambulisho cha Bibi, akatazama mtandio, akatazama kitambulisho tena.

"Mama yenu alikuwa Mukristu?"

"Alikuwa."

"Bon. Mukae."

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa mzungu, nikaeleza mbinu: tutafute watu wote wenye jina moja la ukoo, tuwafuate kurudi nyuma mmoja mmoja. Katibu aliweka kalamu chini ili acheke vizuri.

"We mutoto, hapa iko Rwanda! Hapa baba na mutoto wanagawana pua, hawagawane jina. Kila mutu na lake. Tutatafuta vipi? Tutaangalia nani ni baba na nani ni mama, basi."

Akaleta vitabu vikubwa, vizee, vya Kilatini, akatukataza kuvigusa. Tulikadiria miaka kwa umri wa Bibi, na katibu akapitisha kidole kwenye safu ya baba, ukurasa baada ya ukurasa, huku akiongea na simu, na mpishi wa mapadri, na mbuzi aliyechungulia dirishani. Nilishasinzia aliposema, "Huyu hapa."

Alikuwa yeye. Jina lile la treni, na baba yake, na mama yake. Bibi aliinamia meza, na ingawa hajui Kilatini alisoma midomo ikicheza.

Mimi nikauliza kwa nini pembeni mwa majina ya wengine kuna maneno madogo madogo na kwake hakuna. Katibu akatueleza kwamba mtu akifunga ndoa kanisani, hata parokia ya mbali, habari hurudishwa pale alipobatizwa, ikaandikwa pembeni. Pembeni mwa mama yake Bibi palikuwa peupe.

"Ku kanisa, huyu angali musichana," katibu alisema.

"Bibi," nikasema, "basi wewe bado hujazaliwa."

Hakunifinya hata. Alikuwa anatazama ile nafasi nyeupe, kisha akaanza kuufunga mtandio vizuri, kama mtu anayeaga. "Unaona? Hawakuandika kitu. Walimusahau. Twende." Akainuka.

"Mungoje kidogo," katibu akasema. "Tuangalie kama alikuwa na ndugu."

Baba yule yule na mama yule yule walionekana tena kurasa chache mbele: mtoto wa kiume. Bibi alikaa tena, lakini kwenye ukingo wa kiti. Katibu akaanza kumtafuta huyo mvulana akiwa mtu mzima, yaani kwenye safu ya baba, katika vitabu vya miaka ya baadaye. Alimpata na mtoto wa kwanza, wa pili. Mimi kwa uchovu nilikuwa nasoma safu ya mwisho, ya mama wa ubatizo, nikiwinda majina ya kuchekesha ya watakatifu, maana wako wengine walioteswa mara mbili, mara ya kwanza na wazazi waliowapa majina hayo na mara ya pili na wapagani. Ndipo nikaona lile letu.

"Bibi! Jini la maharage!"

Katibu akavaa miwani. Mtoto alikuwa wa kike, binti wa yule kaka. Na mama wa ubatizo, jina kwa jina, alikuwa shangazi yake: mama yake Bibi.

"Bibi, mulizaliwa mwaka gani?" katibu aliuliza polepole, ingawa kitambulisho kilikuwa mbele yake. Akalinganisha. Mtoto huyu alibatizwa wakati Bibi tayari anatembea. Maana yake mama yake alikuwa ameshaolewa mjini, ana jina la Kiislamu, ana mtandio, ana mtoto, halafu akapanda mlima, akasimama mbele ya padri na mshumaa mkononi, akaahidi kumlea mtoto wa watu katika imani ya Kikatoliki.

"Yesu na Maria," katibu akasema, mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. "Huyu mama! Na padri hakujua kitu! Lakini familia... familia lazima ilijua."

Bibi hakucheka. "Soma tena," akasema. "Hapo mwisho. Soma tena."

Akasoma tena.

Pembeni mwa jina la yule mtoto palijaa: aliolewa, upande wa Nyakiriba. Katibu akapiga simu kwa katekista wa huko, wakaongea, wakacheka, akarudi na habari. Yule mtoto sasa ni bibi kizee, mjane, analima viazi na anagombana na majirani wote. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niamini kwamba ni damu yetu.

Mngedhani Bibi angepanda moto saa ile ile. Thubutu! Jumamosi iliyofuata goti lilimuuma. Iliyofuata kulikuwa na mvua, na ni kweli ilinyesha, lakini Goma. Mwishowe nikamwambia: "Bibi, sema ukweli. Unaogopa bibi kizee wa viazi?"

"Naogopa," akasema. "Leo niko na watu ku kitabu. Nikienda wakifunga mulango, sitakuwa nao hata ku kitabu."

Nilimsugua goti, lile lisilouma, na Jumamosi ya tatu tukaenda.

Nyakiriba udongo ni mweusi na kuta ni za mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji. Yule mama mjane alikuwa uani anachagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Mwembamba, mrefu, rozari shingoni. Na pua, jamani! Pua ya Bibi, imekaa kwenye uso wa mtu mwingine kama imeazimwa. Alituamkia kwa Kinyarwanda, na mazungumzo nawapa kwa Kiswahili.

Bibi alijitambulisha akiwa bado amesimama, haraka, kama anayekariri shuleni. Akataja jina la ubatizo la mama yake.

Yule mama aliacha kiazi kikaanguka. "Yuko wapi?"

"Alikufa. Siku nyingi."

"Alikufa!" Akasimama wima, na ukali wake ukawatoa watu ndani ya nyumba. "Mama yangu wa ubatizo anakufa, mnamzika, na mimi hamniambii? Mimi ni mbwa?"

Bibi akarudi nyuma hatua. Nikafikiri, haya, mlango ndio huo unafungwa.

"Baba alipofariki shangazi hakuja tena, nikashuka mjini kumtafuta," yule mama akaendelea. "Msichana mzima, na kikapu cha viazi kichwani. Nikaingia mtaa wenu, nikauliza nyumba kwa nyumba. Wote wananiambia hatumjui mtu huyo. Wote! Nikajua ametukataa. Nikalia njia nzima mpaka hapa."

"Uliulizia jina gani?" Bibi akauliza.

"Jina lake! Ana mangapi?"

Bibi akamtajia lile la mjini, ambalo mtaa mzima ulimjua nalo, la Kiislamu. Yule mama akalirudia, akakosea, akalirudia. Wakatazamana. Bibi akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alidhani huku juu ndiko walikomkataa. Halafu yule mama akaja, akamshika Bibi mabega, akamtikisa, akamkumbatia, akamtikisa tena.

"Binamu mjinga wewe," akamwambia. "Umezeeka bure peke yako."

"Na wewe umezeeka vibaya," Bibi akajibu huku analia, na nilijivunia sana.

Tukakalishwa. Viazi vikachemshwa, wajukuu wakaitwa mmoja mmoja kututazama, na kila mmoja alielezwa kisa upya, na kila mara sisi tulikuwa wabaya zaidi. Nilicheza karata na wawili, nikawashinda kwa njia ambazo si za kuandika. Alasiri Bibi akaanza kuhangaika kwenye kiti. Namjua: wakati wa kuswali ulikuwa umefika, na mbele yake ukutani kulikuwa na Bikira Maria wa rangi ya buluu, mkubwa kuliko dirisha. Akaniambia kwa Kiswahili tuage, ataswali nyumbani.

Yule mama haelewi Kiswahili, lakini alielewa. Akainuka, akachukua ndoo ya maji na mkeka, akatuongoza hadi chumba cha kuhifadhia viazi, akasukuma magunia kwa mguu, akafagia.

"Kwa baba shangazi alikuwa anasali kwenye viazi," akasema, kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Hakuna picha humo. Mimi nilikuwa naambiwa nisimame mlangoni, katekista akipita nikohoe."

Bibi alishika fremu ya mlango. "Mama aliswali kwenu? Mlimruhusu?"

"Angesali wapi, mvuani?"

Bibi akatawadha, akaingia, akasimama kati ya magunia. Yule mama akajigeuza, akakunja mikono, akasimama mlangoni akitazama njia, ingawa hakukuwa na katekista wala kuku. Nikaja kusimama karibu naye, tulinde wote wawili.

Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Na wewe," akasema, "huswali?"

Nikaenda kutafuta ile ndoo.