Midomo ya Jailos na Baridi ya Juni

Jua halijatoka bado huku Uporoto, juu ya Mbeya, na umande umeganda kwenye majani kama chumvi, lakini msumeno wa Jailos Mwakalinga umekwisha anza kukata. Yeye amesimama juu ya gogo. Chini, shimoni, mwenzake Anania anavuta upande wa pili huku unga wa mbao ukimmwagikia kichwani.

Jailos amejifunga mdomo kwa kipande cha kanga ya mkewe. Mpita njia angedhani ni mwizi, ila mwizi gani atakimbia na gogo la futi kumi na mbili?

Anaikinga midomo yake na upepo.

"Usimwulize kitu," Anania anasema kutoka shimoni. "Tangu Mei ananijibu kwa kichwa, na mimi huku chini kichwa chake sikioni."

Jailos ana miaka thelathini na minne. Kupasua mbao humpa kama shilingi hamsini kwa mwezi, mvua ikimhurumia. Kazi yake ya pili haimpi hata senti, nayo ndiyo inayomnyima usingizi. Yeye ndiye mpigaji wa tarumbeta kubwa la kanisa, lile la sauti ya chini.

Huku mlimani mtu akifa, matarumbeta manne hulia asubuhi mbele ya kanisa, na watu walioko kwenye mashamba ya pareto husimamisha majembe wakakumbuka nani alikuwa mgonjwa. Sauti tatu za juu zikikosa ile ya chini, wazee husema marehemu kalazwa bila mkeka.

Sasa tarumbeta ni midomo, na midomo ya Jailos hupasuka kila baridi. Mwaka huu wa 1956 imepasuka mapema, na damu hutoka akicheka. Basi ameacha kucheka, jambo ambalo mkewe Atuganile anasema halikuwa hasara kubwa.

Mwezi uliopita alidhani amepata dawa. Jioni ya kuamkia mazishi alijipaka mafuta ya kondoo, kisha akaona heri akipake na kile kidomo cha shaba cha kupulizia tarumbeta, kisimkwaruze. Akakiacha dirishani. Usiku ule baridi ilishuka, mafuta yakaingia ndani ya tundu na kuganda kama mshumaa. Asubuhi, kaburini, wenzake walianza wimbo. Jailos akavuta pumzi, akavimbisha mashavu, kimya. Akapuliza tena kwa nguvu zote, likatoka donge la mafuta na mlio wa ndama aliyekwama matopeni.

Wafiwa waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanalia, wengine mabega yalikuwa yanatikisika kwa sababu nyingine.

Wazee wa kanisa hawakucheka. Mzee Timotheo, kiongozi wa matarumbeta, alimwita na kumwambia kwa upole kwamba chombo ni cha kanisa, si cha mtu. Jumamosi hii atapiga wimbo mzima mbele yao. Akishindwa, tarumbeta litakwenda kwa Asukile, seremala, mwenye midomo minene isiyojua Juni wala Julai.

"Baba yangu alilipiga, nikalichukua kwake," anasema Jailos, akishusha kitambaa kidogo tu. "Likitoka nyumbani kwangu, nitapita wapi siku ya Jumapili?"

Atuganile humpaka asali kila jioni. Tatizo, anasema, mgonjwa mwenyewe huilamba dawa kabla haijakauka.

Na yuko Bibi Alinanuswe, aliyemlea Jailos tangu mama yake alipofariki. Anakohoa tangu baridi ilipoingia, na haondoki jikoni karibu na moto. Wanawake wa kanisa wamekwisha anza kumletea uji kwa zamu, na yeye anajua maana ya zamu.

Juzi alimwita mjukuu wake akaketi karibu.

"Mume wangu," akamwambia, "mimi sizikwi kwa mlio wa ndama. Ukipona midomo, niambie, nijiandae. Usipopona, nitawasumbua mpaka Septemba."

Wote jikoni walicheka isipokuwa Jailos.

Zimebaki siku tatu. Kitambaa hakitoki, asali inapakwa, na kila jioni Jailos huenda na tarumbeta bondeni, mbali na nyumba, kulijaribu taratibu. Jana, anasema, sauti ya chini ilitoka safi mara mbili bila damu.

Je, amekwisha mwambia mtu habari hiyo njema?

Anatazama kwanza upande wa nyumbani, moshi wa jikoni unakopanda.

"Jumamosi wazee watanisikia, Mungu akipenda," anasema polepole. "Ila nimemwomba Mzee Timotheo tukapigie kule ng'ambo ya mto. Bibi asisikie kwamba nimepona."