Kiti Kilichopinduliwa

Msinisimulie mimi habari za Ndaya, nilikuwapo. Ni yaya wangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja. Aliuza samaki wa moshi katika soko la Kindu, na mimi ndiye niliyemletea hao samaki kutoka Lokandu. Mahali pake palikuwa pazuri, penye njia ya watu, na palilisha watoto wake kuliko mshahara wa mumewe, Mpoyi wa reli.

Kwetu, muuzaji akisafiri hupindua kiti chake na kukiacha pale pale. Hakuna atakayekikalia. Basi Chama, kile kilichotawala nchi siku zile, kilipomchagua Ndaya aende Ubelgiji pamoja na wajumbe wake, alipindua kiti, akamgeukia Musau wa meza ya jirani, rafiki yake tangu walipoletwa Kindu wote wawili wakiwa mabibi harusi.

"Unichungie, Musau."

"Enda tu, yaya. Mimi niko."

Huko, alivyonisimulia baadaye, wenyeji waliwatembeza katika soko moja la zamani lenye paa refu la mbao. Mapaja ya nguruwe yalining'inia kwenye boriti kama nguo zilizoanikwa, Ndaya akacheka sana. Mara mvua ikanyesha, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyeinuka! Yaya wangu akalia mbele ya wajumbe. Mvua ya Kindu ikishuka tunakimbia na beseni kichwani, samaki wanaloa, siku imekufa. Mama mmoja wa Kizungu, muuza visu, akamwonyesha jina la bibi yake limechongwa juu ya meza. Hapo palikuwa pao tangu zamani. Kwake Ndaya alinunua kisu cha kupasulia samaki, kimoja tu. Cha Musau.

Nilimpokea uwanja wa ndege, mimi mwenyewe nimetoka Lokandu siku ileile, sijui lolote. Hakutaka kupita nyumbani, alitaka kwanza awasimulie wenzake lile paa. Tukamkuta Musau ameketi mahali pa Ndaya, juu ya kiti cha Ndaya, anauza.

"Musau, hii njo nini?"

"Komite ya soko walinipa. Walisema hautarudi."

"Nani aliwaambia?"

Musau akainama, akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha pangwa. Muuza chumvi mmoja, jina lake Hawa, akadakia: "Njo yeye! Alienda kwa Chama akasema umekimbia inchi. Bwana yako Mpoyi walimufunga juma nzima!"

Lo! Siku zile neno kama hilo liliweza kumpoteza mtu, na Musau alilijua vizuri sana. Nilitaka kuipindua ile meza. Ndaya akanishika mkono. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kisu, akakiweka mbele ya Musau.

"Nilikuletea hii. Kule Ulaya nilikufikiria wewe tu."

Nilidhani Musau atalia. Akakijaribu makali kwa kidole.

"Sasa nipe kiti yangu, niende," Ndaya akasema.

Mteja alikuwa amefika. Musau akampasulia samaki kwa kile kisu, wala hakuinuka.