Ng'ambo kwa Herufi Kubwa

Nyumba ya Bibi iko Sib, pembeni ya Maskati, kwenye zile nyumba za shaabiya ambazo serikali ilizijenga zote kwa sura moja. Ya kwake utaijua kwa asumini iliyopanda ukutani mpaka ikaziba kengele ya mlangoni, kwa hivyo ukifika hubonyezi kitu, unapiga hodi tu. Babu alipofariki Bibi alibaki peke yake, na mimi nilipomaliza sekondari nikahamia kwake kusubiri chuo. Nyumbani kwetu kelele nyingi. Kwa Bibi asubuhi nilikuwa naamshwa na harufu ya iliki na mkate wa ufuta, na yeye yuko jikoni anajisemesha kwa Kiswahili na kuitukana sufuria kwa Kiarabu. Sasa nalala dakhalia ya chuo, tuko wengi chumbani, na kinachoniamsha ni simu ya mtu mwingine.

Naandika haya kwa sababu ya neno moja. Nataka nilifikie haraka, lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye mti.

Mti wenyewe ni shajara ya ukoo, yaani majina ya mababu na watoto wao yaliyopangwa kama matawi. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, alitaka shajara kubwa ya kutundika kwenye majlisi ya nyumba yake kule Bustan, wageni wakinywa kahwa waione. Kazi ya kuandika akanipa mimi kwa kuwa hati yangu nzuri na kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, nilikuwa sina la kufanya. Akaniletea karatasi pana kama shuka. Upande wa Babu ulijaa upesi. Kila mzee niliyempigia simu alinitajia mababu mpaka nikamuomba apumzike. Upande wa Bibi ulikuwa tawi moja kavu. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja, mamaake alifia huko Unguja, na yeye aliletwa Maskati bado msichana, na mama yake mdogo.

Basi nikamkalisha chini Bibi, kalamu mkononi. Tatizo ni kwamba ukimuuliza Bibi jina, anakupa hadithi. Nilimuuliza babaake aliitwa nani. Akanitajia, halafu hapo hapo akahamia kwenye paa. Paa lao lilikuwa la madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kupondwa nyundo, na mvua ikinyesha hamsikilizani, mamaake akitaka chumvi inabidi amuoneshe kwa vidole. Nikamuuliza mamaake alikuwa na kazi gani. Vitumbua, akasema, na mara tuko njiani asubuhi, mamaake na beseni kichwani, wanavuka daraja kwenda kuuza mjini, na Bibi mtoto anachungulia maji huku anavutwa mkono. Mlango wao ulitengenezwa kwa mbao za kasha la chai. Ukiusogelea kwa pua, alisema, bado unanukia majani.

Mimi na haraka yangu nilikuwa nataka kitu cha kuandika chini ya jina lake nimalize.

"Bibi, mlikaa wapi?"

"Ng'ambo."

"Najua ng'ambo. Ng'ambo wapi?"

"Ng'ambo, mwanangu. Kuna wapi tena?"

Sisi tuliozaliwa Maskati, ng'ambo kwetu ni ng'ambo ya bahari. Mgeni akija kutoka Unguja, kaja kutoka ng'ambo. Karafuu za ng'ambo, kanga za ng'ambo. Hata Babu, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania Bibi kwa neno hilo. Bibi akiacha kijiko akala kwa mkono mbele ya wageni, Babu anawaambia wamuache, mtu wa ng'ambo huyo, na Bibi anamjibu kuwa mtu wa ng'ambo ndiye aliyewapikia. Tunacheka wote. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona Babu naye katoka huko huko.

Nikaandika kwa herufi ndogo, *amezaliwa ng'ambo*. Niliona hata imekaa kishairi.

Likizo ya baridi Mjomba akasafiri kwenda Unguja kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kila mtu alimuagiza kitu. Bibi alimuomba jambo moja tu, amuoneshe kwao. Mjomba akamuahidi, na akatimiza. Alikwenda Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya kina Babu, akasimama mbele ya mlango mkubwa wa nakshi na misumari ya shaba, akapigwa picha, akaituma kwenye grupu la familia. Jioni ile Mama alikuwa amekuja Sib. Nikaikuza picha na kumpa Bibi simu. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Si kwetu hapa," akasema.

Mama akamwambia kwa upole kuwa ndipo, nyumba ya kina Babu. Bibi akajibu kuwa hiyo anaijua tangu utotoni, ni ya watu aliokuja kuolewa nao huku Maskati, lakini yeye kaulizia kwao, si kwa mumewe. Tukampigia Mjomba. Akamuuliza Bibi, kwa ile sauti watu wanayotumia na watoto wadogo, nyumba yenyewe ilikuwaje. Bibi akamueleza mlango wa kasha la chai, paa la madebe, na daraja la kuvukia kwenda mjini.

"Mama, mji huu hauna daraja," Mjomba akasema. "Nimeuzunguka wote kwa miguu."

Bibi akanirudishia simu, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Baadaye Mjomba akampigia Mama peke yake. Mama aliweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa anakatakata bamia, kwa hivyo nilisikia yote. Mjomba alisema Bibi kumbukumbu zinamtoka. Mtu anayekumbuka mlango wa kasha la chai na daraja ambalo halipo, kesho atasahau gesi. Akirudi atamchukua Bustan, chumba kipo, choo chake mwenyewe, na nyumba ya Sib itafungwa. Nikasema, mimi si nakaa naye? Mama akaniuliza, na chuo kikifunguliwa?

Siku zile Mama alikuwa anakuja kila siku na anampima Bibi akili kwa mlango wa nyuma.

"Mama, leo siku gani?"

"Siku ya kuulizwa maswali," Bibi akasema. "Jana pia ilikuwa hiyo."

Hakuna aliyemwambia habari ya kuhamishwa, lakini alijua. Nilijua kuwa anajua kwa sababu aliacha hadithi. Nilimrudia na kalamu yangu, nikamuuliza mamaake vitumbua alikuwa anavipika kwa nazi ngapi, akanambia hakumbuki. Anakumbuka. Aliogopa tu kuwa kila atakalolitaja litapelekwa Bustan kuwa ushahidi. Ile nyumba ikawa kimya, hata sufuria zikawa hazitukanwi. Siku moja tunachuma asumini nje, akanambia, bila kunitazama, "Mkinihamisha, hii msiikate. Nnaomba hilo tu."

Mimi si mtu wa kusubiri. Nilitaka kusema na Mjomba siku ile ile, nimwambie aache. Nikapiga, hapokei. Kwenye grupu letu kuna binti wa upande wa Babu, rika langu, anakaa Unguja, na Mjomba alikuwa kafikia kwao. Nikamuandikia kumuuliza Mjomba yuko wapi. Akajibu kuwa hajui, yeye mwenyewe hayupo nyumbani, kaenda Ng'ambo kwa fundi cherehani.

Nikamuuliza kasafiri lini, na huko ni Dubai au wapi.

Akaniletea zile sura za kucheka, nyingi, halafu akaniletea sauti. "Shoga, Ng'ambo hapa hapa. Nimevuka barabara tu pale Darajani. Nguo ya kushona nende nayo Dubai, mimi nimekuwa bi harusi wa mfalme?"

Nikamuomba anieleze taratibu. Akanieleza huku anamsubiri fundi. Mji una pande mbili. Upande huu Mji Mkongwe, na majumba yake na milango ya nakshi. Upande wa pili ndio Ng'ambo, walikokaa watu wa kawaida, nyumba za udongo na makuti na madebe. Zamani katikati kulikuwa na mkono wa bahari, na daraja la kuvukia. Maji yalifukiwa, sasa ni barabara, lakini jina Darajani likabaki. Akaniuliza kwani nyumbani kwetu hatusemi hivyo. Nikamwambia tunasema, kila siku tunasema.

Nilirudi kwenye ujumbe wake wa mwanzo. Ng'ambo, kaandika kwa herufi kubwa, kama mtu anavyoandika Sib. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani simu ndiyo iliyofanya.

Nikaenda jikoni mbio. Bibi alikuwa anamenya mbatata.

"Bibi, Ng'ambo ni mtaa?"

Akasimamisha kisu. "Ulidhani ni nini, samaki?"

Mjomba alipopokea simu hatimaye, hakuamini mara moja. Alinambia nisimtetee Bibi kwa mambo ya kuokota kwenye simu. Nikamwambia asiniamini mimi, avuke barabara tu. Kesho yake asubuhi akavuka, na yule binti akifuatana naye, wakatupigia simu ya video. Bibi alikuwa kashavaa kanga mpya na kujitia udi, kama mtu anayekwenda kwa watu. Mama alikaa upande huu, mimi upande wa pili nimeshika simu, na nilijua asipopatambua, Bustan ndiyo hiyo.

Bibi hakuwa na haraka. Akamuagiza Mjomba atafute msikiti mdogo wenye baraza ndefu mbele. Wakazunguka sana. Tuliona fremu za maduka, vyerehani, baiskeli, ukuta wa majumba marefu ya ghorofa. Kisha msikiti ukatokea, umepakwa rangi ya kijani mpya, na baraza yake ndefu. Bibi akasogea karibu na simu.

"Nyuma yake kuna kisima," akasema.

Mjomba akasema nyuma haoni kisima, anaona bomba tu. Bibi akamwambia atazame chini ya bomba. Picha ikayumba, tukaona viatu vya Mjomba, halafu mfuniko wa saruji wa mviringo, na bomba limesimikwa juu yake. Nilimsikia yule binti akimwambia kuwa wazee wanapaita hapo kisimani mpaka leo.

"Kipo, Mama," akasema Mjomba. Ile sauti ya kusemea watoto ilikuwa imeondoka.

"Haya. Kipe mgongo, tazama mbele. Unaona nini?"

Kulikuwa na kona ya jumba la ghorofa, na kamba za nguo, na gari limeegeshwa. Nyumba ya madebe haikuwapo, wala ya jirani yake, wala mtaa ule wote alionieleza. Mama akamshika Bibi bega. Mjomba alianza kuomba radhi kuwa hakuna kitu, washavunja.

"Mie najua washavunja, nilisikia zamani," Bibi akasema. "Nimekwambia nnataka kupaona. Hapo uliposimama ndo jikoni."

Mjomba akatazama miguu yake, akasogea pembeni kidogo, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu na viatu.

"Kwa nini hukutwambia, Mama?"

"Nimekwambieni tangu mnanyonya."

Aliporudi hakuitaja tena Bustan. Hakuomba radhi pia, si kawaida yake. Alikuja Sib na halua na kanga, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kukaa jikoni kwenye kile kibao kidogo cha mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akamuomba Bibi amsimulie habari ya daraja tangu mwanzo. Bibi akaanza na bei ya vitumbua. Ilipofika mvua juu ya madebe alikuwa anapiga sinia kwa mwiko kumuonesha, na Mjomba anaziba masikio.

Karatasi ile sikuibadilisha, ilikuwa imeshajaa. Ile n ndogo nikaikoleza wino mpaka ikawa kubwa, na ukiangalia kwa karibu utaona imenenepa kuliko wenzake. Imetundikwa majlisi hivyo hivyo, chini ya jina la Bibi. Tulipokwenda kuiona akasimama mbele yake na kikombe chake cha kahwa. Herufi anazozisoma yeye ni za Kiarabu, na hizo hazina kubwa wala ndogo, kwa hivyo akanambia nimsomee.

"Amezaliwa Ng'ambo," nikasoma.

"Na mwanzo uliandika nini?"

"Amezaliwa ng'ambo."

Akasubiri, akidhani nna la kuongeza. Halafu akanipa kikombe nikamuoshee.

"Si ndo hivyo hivyo," akasema.