Mwaka Tulipojifunza Neno "Fri"

Harufu ya pamba mpya iliyochanganyika na dizeli ndiyo iliyoutawala msimu ule nyumbani kwetu, nje kidogo ya Dutwa. Mpaka mwaka uliotangulia, pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na malori yake tuliyajua kama tulivyowajua ng'ombe wa jirani. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori chakavu yaliyopakwa rangi mpya, na pamoja nao likaja neno la Kiingereza ambalo wakubwa kwa wadogo walilipokea kwa mikono miwili: fri. Mwenye duka alisema ukinunua kitenge, kiberiti ni fri, yaani bure. Mafundi baiskeli walikuwa nalo tangu zamani. Kwao fri ni ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayokuwezesha kuacha kukanyaga pedali na baiskeli ikaendelea. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni, free, akasema maana yake ni huru, asiyefungwa na mtu.

Dada yangu Kabula alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari, msichana wa kwanza katika mji wetu, yaani boma letu, na kila neno jipya aliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Alimfuata mwalimu kumuuliza kwa nini neno moja liwe bure na papo hapo liwe huru. Mwalimu alimjibu, "Ukifika sekondari utajua." Kabula alirudi akicheka, akaacha nafasi ukutani kwa ajili ya jibu hilo.

Maana ya nne tulifundishwa na mjomba Luhende, mdogo wake mama, aliyekuwa dereva wa mmoja wa wanunuzi wapya. Alituambia kwamba ukifika kwenye mteremko unatoa gia, unaweka fri, unazima na injini, lori linashuka lenyewe na mafuta yanabaki. Bibi, mama yao, aliyekuwa akiishi nasi, aliacha kupepeta mtama. "Linashuka lenyewe," alisema, "na nani kalishika?" Mjomba alicheka, akamjibu mama yake: "Breki, mayu." Bibi hakucheka. Mji wetu ulikuwa juu ya mteremko unaoelekea darajani, na tangu hapo masikio yetu yakazoea mpangilio ule: muungurumo wa lori likipanda, kisha kimya, kisha muungurumo tena kule chini. Kile kimya kilinikosesha raha. Wiki moja kiliondoka na mbwa wa jirani, ambaye hakusikia chochote kikija nyuma yake. Wachungaji wakaanza kuwapitisha ng'ombe mbali na barabara. Bibi alisema kinachokuja bila sauti hakiji kwa heri, lakini nani amsikilize mzee wakati nchi nzima inakimbilia mambo mapya?

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, asubuhi kabla ya saa nne. Kabula alitakiwa kwenda Bariadi kupimwa sare ya shule. Baba aliahidi kumpeleka kesho yake kwa baiskeli, lakini kesho ilikuwa mbali mno kwa Kabula. Mimi nilikuwa kisimani nilipoona lori la mjomba limesimama kwenye kituo cha kununulia, pamba imejaa hadi juu. Niliacha ndoo, nikakimbia. "Mjomba, Kabula anaweza kupanda?" Alitoa kichwa dirishani, akatabasamu. "Mwambie aje. Kwangu ni fri." Nilikimbia hadi nyumbani nikipiga kelele, "Kabula, fri! Mjomba kasema fri!" Bibi alisimama mlangoni. "Mjukuu wangu, ngoja baiskeli ya baba yako." Kabula alimshika mikono yote miwili, akainama kumuaga, akaenda. Alinipungia akiwa juu ya pamba, amekaa kati ya wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni.

Lori likapita mbele ya mji wetu. Muungurumo ukakatika. Nilisubiri. Bibi naye alikuwa amesimama, ungo mkononi, akisikiliza. Kimya kilipita urefu wake wa kawaida, kikaendelea. Kisha ikasikika honi, ndefu, isiyopumua, na baada ya honi kishindo. Bibi aliangusha ungo. Tulipofika, lori lilikuwa limelala ubavu kando ya daraja na pamba imetapakaa hadi kwenye maji. Wale wanawake wawili walikuwa hai, wakilia. Kabula hakuwa akilia. Nilimtoa pamba kwenye nywele, kipande kimoja kimoja, mpaka mama alipofika akanivuta.

Mjomba alitoka na mkono uliovunjika. Siku ya pili ya matanga alikuja, akasimama nje ya boma, baba akakataa asiingie. Ni Bibi aliyetoka kumfuata. Pale mbele ya watu mjomba alisema, "Nilizima injini. Bila injini upepo wa breki haujazwi; uliisha, nikakanyaga, hakuna kitu." Hakumtaja tajiri wake mwenye lori, wala mafuta aliyokuwa akiyaokoa. Mimi nilikaa jikoni, nikitazama ile nafasi aliyoiacha Kabula ukutani. Hakuna aliyeuliza nani alipeleka ule ujumbe.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiingereza huko Nkoma. Kamusi kubwa imenifundisha jambo ambalo mwalimu wetu hakulijua: zamani sana neno lile lilitokana na kupenda. Huru walikuwa wale wapendwao, watu wa nyumbani, tofauti na watumwa. Na neno la Kiingereza la rafiki ni ndugu yake wa damu. Aliye huru hadaiwi, na kisichodaiwa ni bure: hilo ndilo jibu Kabula alilotaka. Barabara yetu siku hizi ni ya lami, malori ni mapya, na vijana wanaoyaendesha hawajui kwamba palikuwa na mteremko wa kuogopwa pale. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwaka jana nilikwenda kwa mjomba, mzee sasa, mkono wake haunyooki. Nilimwambia niliyoyabeba tangu utotoni: kwamba mimi ndiye niliyemwita Kabula. 

"Limi," alisema, "wewe ulibeba neno. Lori nilikuwa nalo mimi."