Kokoto Nyeupe za Samaki wa Mke Wangu

Mke wangu alimnunua yule samaki karibu na Adams Arcade, akamleta nyumbani kwetu Kileleshwa amempakata ndani ya mtungi kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Mimi si mtu wa samaki. Nilimwambia samaki ninayemjua ni yule anayekuja na ugali. Akacheka, akasema huyu wa dhahabu ni wa kuangaliwa tu. Aliweka tangi la kioo kando ya televisheni, na kuanzia hapo akawa na lalamiko moja, kwamba tangi halina kitu chini.

"Anaishi kama mtu amehamia jana," alisema. "Hata carpet hana. Nitamtafutia mawe nyeupe."

Akaugua kabla hajayatafuta. Akafa.

Hatukujaliwa watoto. Nikirudi kutoka kazini, kitu hai pekee mle ndani ambacho mkono wake uliwahi kukilisha kilikuwa yule samaki, na niliapa hatakufa mikononi mwangu. Na carpet yake ataipata.

Nilikwenda kwenye duka alikomnunua. Muuzaji akanionyesha kokoto za buluu. "Hizi ndizo zinaenda sana, boss." Nikasugua moja kwa kidole kilicholowa, kidole kikawa buluu. Nikamrudishia bila hata kuaga, maana siku hizo nilikuwa na hasira na kila mtu aliye hai. Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha. Samaki wa aina ile hushinda akichokora chini, anazoa kilichopo, anatafuna, anatema. Ukimwekea mchanga laini ataupitisha tu. Ukimwekea mawe makubwa hayaingii mdomoni. Cha kuogopa ni kokoto ya ukubwa wa punje ya hindi, kwa sababu hiyo huingia ikakwama kooni.

Nilikuwa bado natafuta mchanga safi mama mkwe alipokuja.

Hajawahi kulala kwangu wala kukaa sana. Kwetu mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali. Mama mkwe habishiwi, na mimi nilikuwa na sababu zaidi ya kutombishia. Mke huzikwa kwa mumewe, lakini mimi kwetu ni nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Mama huyu ndiye aliyesema mbele ya wazee kwamba mtoto wake atarudi shambani kwake, azikwe pale kando ya majani chai. Baada ya hapo ningewezaje kumwambia hapana kwa jambo lolote?

Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akafungua kiondo, akatoa mfuko. Ndani mlikuwa na kokoto nyeupe, zimeoshwa zikang'aa. Nilizitambua mara moja. Ni zile zile tulizomwaga juu ya kaburi.

"Ni za huyo samaki yake," alisema. "Aliniambia kwa simu anataka nyeupe. Nikaona hizi ziko."

Nikafikiri ni zilizobaki fundi alipomaliza kulijengea kaburi. Nilizishika kiganjani. Kila moja ilikuwa punje ya hindi.

Nikasema asante, Mama. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikasimama pale nikiomba Mungu anipe maneno. Sikupewa. Nikarudi na kikombe chenye siki kidogo, nikatumbukiza kokoto moja. Ikaanza kutoa povu.

"Ni nini inafanya hivyo?" akauliza.

"Ni jiwe la chokaa, Mama. Linayeyuka polepole, linabadilisha maji."

Alikiangalia kile kikombe. "Kwa hivyo hata mvua inazikula," alisema, na nikajua hazungumzii tangi tena.

Nilijilaani. Nilitaka siki iseme kwa niaba yangu, nami nikamuumiza mama wa watu. Ikabidi niseme lililobaki kwa mdomo wangu, kwamba chokaa si neno sana, ila samaki huyu atazizoa kokoto hizi, zitamkwama kooni.

Mama aliinuka, akachukua kokoto moja kutoka kwenye mfuko, akaishikilia kwenye kioo cha tangi. Samaki akaja, kama anavyomjia kila mtu, akafungua mdomo. Mama akapima jiwe na mdomo ule, jinsi mzazi anavyopima tonge la mtoto.

"Ni kweli," alisema. "Huyu atanyongwa." Kisha, "Basi nirudishie zote. Nilitoa kwake."

"Hazikuwa zimebaki?"

"Zingebaki wapi? Nilitoa upande wa miguu yake, mahali haionekani. Nilijua hawezi kukataa, ni samaki yake."

Nikalia mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Aliangalia pembeni ili kunistahi, lakini mkono wake ulishika ukingo wa meza na haukuachia.

Nilimrudisha nyumbani kwake alasiri ileile. Pale miguuni pa kaburi palikuwa na udongo mwekundu mtupu, wa ukubwa wa sinia. Tulipiga magoti, yeye upande wake na mimi wangu, tukazirudisha kwa mikono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tumefanya kazi pamoja.

Mchanga nilikuja kuupata, nikauosha mpaka maji yakatoka safi. Samaki anauzoa na kuutema siku nzima, mzima wa afya. Si mweupe. Mke wangu angeukataa.

Lakini jioni ile nilipotoka kaburini na kufika nyumbani, kikombe cha siki kilikuwa bado mezani, na kokoto yake ndani. Tulikuwa tumeisahau. Niliitoa haraka, nikaiosha kwa maji mengi, nikaifuta kwa shati. Ilikuwa imepoteza mng'ao, na kingo zake zimelika. Nikaketi sakafuni nimeifumbata, nikamwomba mke wangu msamaha kwa kumpunguzia kokoto yake.