Mgonjwa wa Ikupa Haitikii Salamu

Saa moja asubuhi Ikupa hajatulia. Ameinjika maji, ameyaepua, ameyarudisha tena motoni, macho yote kwenye njia ya migombani. Leo ndugu wa mgonjwa wake wanakuja hapa nyumbani kwa mzee, Kawetele, kuamua kama ahamishiwe kibanda cha nyuma. Harufu imewashinda.

Mgonjwa ni mzee Andongwisye, mkulima wa chai. Ana saratani ya limfu, ile inayoshika ngozi: yalianza mabaka, vikaja vidonda, na muwasho usiompa usingizi. Hospitali walishasema hatapona.

"Kuponya siwezi," anasema Ikupa, mhudumu wa kujitolea wa wagonjwa majumbani. "Lakini kunuka na kujikuna, hayo napambana nayo."

Huosha vidonda kwa maji ya chumvi, kisha hunyunyizia unga wa vidonge vya flajili, vile vya kutibu tumbo, kukata harufu. Bandeji hung'ang'ania kidonda, hivyo hutanguliza jani changa la mgomba lililochemshwa.

"Unanivundika kama ndizi," mzee humtania.

Tangu dawa ziache kutolewa bure zikawa biashara ya kila mwenye duka, vidonge humlia karibu nusu ya fedha za ndizi anazouza. Abubakary, mwenye duka la dawa Ibighi, humuuliza, "Mama, tumbo lako hili haliponi tu?"

Kinachomnyima raha zaidi ni salamu. Kila asubuhi humwambia mzee "Ugonile", Kinyakyusa cha kumuuliza mtu amelalaje. Mzee haitikii.

"Nidanganye, mwanangu? Sijalala. Na huko kibandani, hata hiyo salamu nani ataniletea?"

Juzi daktari aliongeza dawa ya kutuliza muwasho. Ikupa anaomba ifanye kazi kabla ndugu hawajaamua.

Asajile, mdogo wake mzee, ndiye anayetangulia kuingia, leso puani.

"Ugonile, kaka."

Anainama, anarudia.

"Ugonile."

Anageuka, macho yamemtoka. "Ametutoka?"

Ikupa anatazama blanketi. Linapanda, linashuka.

"Amelala," ananong'ona, na machozi yanamlengalenga.

Asajile amesahau leso mkononi. Anavuta kigoda hadi kitandani. "Basi nitangoja aamke anijibu."

Habari ya kibanda haikuguswa tena. Ikupa amepanga kumfundisha Asajile kuosha vidonda na kuchemsha majani, wapokezane, naye apate usingizi.

"Na mimi siku moja niulizwe ugonile," anasema, akiinuka tena kuyatazama maji, "niitikie bila kudanganya."