Hojaji Themanini na Nne

Mwalimu wa hesabu aliandika utangulizi wa tasnifu yake mara tisa. Wa kwanza ulianza, "Tangu enzi na enzi, elimu ni ufunguo wa maisha." Msimamizi wake akauzungushia wino mwekundu na kuuliza pembeni: Wa mlango gani? Wa tisa ulipita kwa sababu msimamizi naye ni binadamu, huchoka.

Zikabaki hojaji. Mada ilikuwa jinsi mzigo wa kazi unavyowavunja moyo walimu, jambo alilolijua bila utafiti. Alitunga maswali ishirini, akatoa nakala themanini na nne, akamkabidhi mkuu wa shule jirani awagawie walimu wake. Chuo kilikwisha kumwongezea muda mara tatu. Barua ya mwisho ilisema Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo jina linafutwa, na miaka sita ya masomo nayo.

Jumatano asubuhi alikuta hojaji zote zimerudi ofisini kwa mkuu huyo, zimefungwa kwa uzi. Furaha yake ilidumu hadi alipofika ya nne. Wino uleule, mwandiko uleule, vema zote kwenye "Nakubali kabisa".

"Shikamoo, mkuu. Hizi amejaza nani?"

"Marahaba. Karani wangu," mkuu akajibu kwa fahari. "Walimu wana vipindi, ripoti, mitihani. Hawana nafasi hata ya kujikuna. Nikasema nikufae, mwenzangu."

"Lakini mkuu, utafiti..."

"Kwani kuna jibu la uongo humo?"

Mwalimu akalibeba furushi kwapani.

Karani, mama wa makamo, alimsindikiza hadi mlangoni akijikanda kiganja. "Mwanangu, kwenye swali la tisa unauliza mambo mawili kwa mpigo: nimechoka na nataka kuacha kazi? Mimi nimechoka, kuacha sitaki. Nitie vema wapi?"

Ndiye mtu pekee aliyeisoma hojaji yake yote, na hakuwa kwenye sampuli.

Mwalimu aliomba ruhusa kazini, akaligawa swali la tisa kuwa mawili, akatoa nakala mpya, akapiga kambi kwenye korido ya shule ile, akiwavizia walimu kila kengele ilipolia.

"Dakika tano tu, dada."

"Hata mimi nazitafuta hizo tano, kaka. Ukizipata niite."

Mmoja alijaza huku anatembea. Mwingine alifika nusu, akaitwa darasani, asirudi. Hadi Ijumaa saa nane alikuwa na kumi na moja.

Nje ya ofisi ya msimamizi alikaa na bahasha mbili mapajani. Ile nene, ya karani, ingempa shahada. Nani angekagua wino? Akapiga wastani wa majibu ya bahasha zote mbili. Ulikuwa karibu sawa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Saa tisa na nusu akagonga mlango, akaiweka mezani ile nyembamba.

"Kumi na moja?" Msimamizi akahesabu tena. "Mwalimu, hii si sampuli, ni timu ya mpira."

"Ndiyo, profesa."

"Haina hata wachezaji wa akiba. Nyingine ziko wapi?"

Akamweleza yote, akamsogezea na ile nene. Msimamizi akafungua tatu, nne, akavua miwani.

"Ungeniletea hizi peke yake nisingejua."

"Najua."

"Sasa nimejua, siwezi kuzipokea. Na hizo kumi na moja hazitoshi."

Wakaitazama saa ya ukutani hadi ikafika kumi, kisha ikapita. Msimamizi akavuta droo, akatoa fomu ya kufutiwa usajili, akaijaza mwenyewe. Ilikuwa na nakala tatu. Mwalimu akatia sahihi zote tatu, akaaga kwa adabu, akarudi nyumbani. Madaftari ya darasa zima yalikuwa yanamsubiri.